Dende naye apate nyumba yake

Juma hili tuzungumze juu ya dende, ambaye wengine wanamwita simbilisi. Babu zake walitoka mbali, katika milima ya Amerika ya Kusini, lakini hapa Kivu amekwisha kuwa wa jamaa.

Ng'ombe akiuzwa, mara nyingi baba ndiye anayehesabu franga. Dende akiuzwa, anayehesabu ni mama au mtoto, na franga zile zinanunua kaye, biki, chumvi na sabuni. Kwa hiyo dende akikufa kwa kukosa matunzo, mfuko wa mama ndio umetoboka.

Wengi wetu tunawaacha dende watembee chini jikoni, karibu na mafiga. Wadogo wanaungua, paka anawakamata, na mikojo inabaki pale pale tunapopikia bugali na pale mtoto anapotambaa. Tuwatoe huko. Sanduku la mbao au la matete, lenye urefu wa mita 1 na nusu na upana wa mita 1, linatosha dume 1 na majike 5. Kuta zifike sentimita 50, na juu tuweke kifuniko kinachopitisha hewa, sababu paka na panya hawalali. Tulipange mahali pakavu, pasipo moshi, jua kali wala upepo wa usiku. Chini tutandike nyasi kavu, tuzibadilishe kila zinapolowa. Zile chafu tupeleke kwenye shamba la lengalenga, ni mbolea nzuri.

Chakula chake ni majani, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Tumbo la dende halivumilii njaa. Siku moja bila kula inaweza kumwangusha. Tumpe nyasi, matembele na maganda ya mahindi mabichi. Majani yenye umande au mvua tuyaanike kwanza kivulini, yasimvimbishe tumbo. Tusimpe majani ya birayi, ya avoka wala sombe mbichi: yana sumu. Na maji safi yawepo kila siku, katika chombo kizito kisichopinduka.

Tukumbuke jambo hili: mwili wa dende, sawasawa na mwili wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Anayelishwa vitu vikavu tu anadhoofika, viungo vinavimba, anashindwa kutembea. Si uchawi wala jicho la jirani. Ni kukosa majani mabichi.

Jike anabeba mimba karibu siku 68, na mara nyingi anazaa watoto 2 mpaka 4, wenye manyoya na macho wazi. Watoto madume wakifikisha majuma 3, tuwatenge na mama yao na dada zao, sababu wanakomaa upesi kuliko tunavyodhani. Tukiwaacha wazaane ndugu kwa ndugu, kila uzao unakuwa dhaifu kuliko uliotangulia, na mwisho sanduku linabaki tupu.

Kazi ya kukata majani inafaa sana kwa watoto. Mtoto anayehesabu dende wake kila jioni anajifunza hesabu na uaminifu pamoja. Ila awe anatoka masomo kwanza, si kuacha masomo. Na kila aliyeshika dende anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au kubeba mtoto mchanga.

Hapa ndipo kikundi chetu kina nguvu kuliko mama mmoja peke yake. Kwenye kikao kijacho, kila mwenye dume la ziada alilete katika kikapu, tubadilishane. Mama wa mtaa huu apokee damu mpya kutoka mtaa ule, pasipo kutoa franga hata moja. Na yule asiye na dende tumtafutie jike 1 na dume 1. Wakizaa, atarudisha 2 kwa mwenzake anayefuata.