Ukivuka Namanga, salio la simu linakwenda wapi?

Siku hizi kuvuka Namanga si safari ya kuchosha kama zamani. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, msafiri anaingia jengo moja, anamalizana na maofisa wa Tanzania na wa Kenya, kisha anaendelea na safari yake. Abiria anapita vizuri. Kinachokwama ni simu yake.

Mimi nilijifunza hilo nikienda Nairobi kwenye mafunzo. Nikiwa Arusha niliweka vocha ya shilingi 10,000, nikajiunga bando la wiki, nikajiona nimejipanga. Basi halijafika Kajiado, meseji ikaingia kuniambia salio limekwisha. Sikuwa nimempigia mtu hata mmoja. Simu ilikuwa mfukoni tu, inapakua picha za makundi ya WhatsApp na kusasisha programu, na bando nililonunua nyumbani halikuhusika upande wa pili.

Nilipolisimulia hilo hewani, simu za wasikilizaji hazikukatika. Mmoja ni mama anayepeleka vitunguu vya Mang'ola nchini Kenya. Kwake hii si habari ya kukosa picha. Gari likishavuka, anahitaji kuongea na dereva, na mnunuzi, na mtu wa kumpa bei ya sokoni asubuhi ile. Simu ikizima huduma, anauza kwa bei anayotajiwa na mtu wa kwanza aliyekutana naye.

Kwa hiyo leo tuulize swali lenyewe: kwa nini dakika moja ya simu inapanda bei kwa sababu tu umevuka mpaka?

Simu inasafiri vipi

Ukivuka, laini yako ya Tanzania haina tena mnara wa nyumbani. Inaomba hifadhi kwenye mtandao wa Kenya. Mtandao huo unauliza kampuni yako: huyu ni wenu, mtamlipia? Ukijibiwa ndiyo, unapata huduma. Utaratibu huu ndio unaoitwa romingi.

Kila dakika na kila megabaiti unayotumia, kampuni ya Kenya inaidai kampuni yako kwa bei ya jumla waliyokubaliana. Kampuni yako nayo inaongeza faida yake, kisha inakukata wewe. Kama kuna kodi juu ya simu za kimataifa, nayo inaingia humo humo.

Watu wengi wanashangaa kukatwa hata wanapopigiwa. Sababu ni hii: mtu aliye Arusha akipiga namba yako, simu inakwenda kwanza kwenye mtandao wako Tanzania, kisha inabebwa hadi Kenya ulipo. Yeye analipia safari ya kwanza, wewe unalipia ya pili. Hata Watanzania wawili waliokaa meza moja Nairobi wakipigiana kwa laini za nyumbani, kwa utaratibu wa kawaida simu yao inaweza kwenda Tanzania na kurudi.

Lakini angalia vizuri. Mnara wa Namanga upande wa Kenya haufanyi kazi ngumu zaidi kwa sababu laini ni ya Tanzania. Umeme ni ule ule na mitambo ni ile ile. Sehemu kubwa ya bei ile inatokana na makubaliano na kodi, si umbali.

Tulishawahi kuona mfano

Hili si la kubuni. Septemba 2006, kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Tanzania, Kenya na Uganda kuwa kama mtandao mmoja. Mteja alivuka mpaka akapiga kwa bei za wenyeji, akapokea simu bila kukatwa, na akaweza kununua vocha ya nchi aliyofikia. Iliwezekana kwa sababu mwenye mitandao yote mitatu alikuwa mmoja. Hakuwa na haja ya kujidai mwenyewe.

Mfano wa pili ulitoka serikalini. Mwaka 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuanzisha Eneo la Mtandao Mmoja. Simu kati ya nchi hizo iliwekewa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika, kupokea simu ukiwa ugenini ndani ya eneo hilo kukawa bure, na tozo za ziada juu ya simu hizo zikaondolewa. Katika miezi ya mwanzo tu, dakika za mazungumzo ziliongezeka mara kadhaa. Watu walikuwa na mambo ya kuzungumza siku zote. Bei ndiyo iliyowanyamazisha.

Tanzania na Burundi hazikuwa katika kundi hilo la kwanza. Tena mpango ulianza na simu za sauti, wakati leo salio la wengi linaliwa na data. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na utekelezaji haulingani kutoka nchi moja hadi nyingine.

Wanaosita wana hoja

Tuwe wakweli, kusita kwa baadhi ya serikali na kampuni hakukosi sababu. Simu za kimataifa zinaingiza kodi, na ukiifuta lazima ujue pengo litazibwa na nini. Pia kuna wajanja: bei ya ndani ya eneo ikishuka, mtu anaweza kupitisha simu zilizotoka Ulaya au Asia kwa njia ya mlango wa nyuma, zionekane kama za jirani, ili kukwepa malipo. Na kampuni ya nchi inayopokea wageni wengi inaogopa kubebeshwa mzigo.

Hata hivyo, hofu hizo zina dawa. Umoja wa Ulaya uliondoa tozo za ziada za romingi tarehe 15 Juni 2017 kwa nchi zake zote, na mwaka 2022 ukaongeza muda wa kanuni hiyo hadi 2032. Haukuacha mlango wazi: uliweka kikomo cha bei ya jumla kati ya kampuni na kampuni, na masharti ya matumizi ya haki ili mtu asinunue laini ya bei rahisi nchi moja akaitumia maisha yake yote nchi nyingine.

Kwa safari ya kesho

Wakati tukisubiri, msafiri anaweza kujilinda.

Kwanza, kabla ya kufika mpakani ingia kwenye mipangilio ya simu, uzime data ya ugenini. Kama unaishi karibu na mpaka, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague, maana mnara wa jirani ukiwa na nguvu zaidi simu inaweza kuhamia huko ukiwa bado nyumbani.

Pili, ipigie kampuni yako kabla ya safari. Uliza bei ya kupiga, ya kupokea na ya data katika nchi unayokwenda, na kama wana bando la huko. Usitegemee ulichoambiwa na jirani aliyesafiri mwaka juzi.

Tatu, ukikaa zaidi ya siku mbili tatu, mara nyingi laini ya wenyeji ni nafuu zaidi. Kenya na Tanzania zote zinasajili mgeni kwa pasipoti, hivyo nenda duka linalotambulika na usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ukiwa na simu ya laini mbili, acha ya nyumbani ndani kwa ajili ya meseji za benki, huku data ikitoka kwenye laini mpya. WhatsApp inaendelea na namba yako ya zamani.

Ila ushauri huu unamsaidia zaidi mwenye simu nzuri na pasipoti. Mama wa vitunguu, anayevuka asubuhi na kurudi jioni, hatanunua laini mpya kila soko. Yeye anahitaji majibu ya maswali matatu, nasi tutaendelea kuyapeleka kwa wahusika: bei ya jumla kati ya kampuni zetu na za jirani ni kiasi gani, kodi iliyomo ndani yake ni ipi, na data itaingizwa lini kwenye makubaliano. Kama una risiti au meseji ya makato ya mpakani, ihifadhi. Tutaihitaji tutakapokaa nao studio.