Waliodisko nao waombe

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikibishana na watu watatu juu ya jambo moja, kwenye simu na kwenye vijiwe, na nimeona afadhali niliandike nipumue. Jambo lenyewe ni hili: Mtanzania aliye Marekani, aliyewahi kudisko chuo hapa nyumbani, akauza simu Kariakoo, akapata bahati nasibu ya viza, akabeba maboksi, na leo anasoma chuo cha jamii kwa alama nzuri, je, akiomba kuhamia chuo kikubwa aseme yote hayo au afiche?

Mimi nasema aseme. Wengi wananiona mwehu.

Ninayemzungumzia ni jamaa yangu wa tangu sekondari. Alianza chuo hapa Bongo mwaka 2013, mwaka uliofuata akadisko. Sapu zilikuwa nne, mawazo yake yalikuwa kwingine. Miaka minne iliyofuata alikuwa Kariakoo. Mwaka 2018 akaondoka na kadi yake ya kijani, na tangu hapo yuko jirani na Los Angeles, usiku anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mchana anasoma. Sasa ana zaidi ya miaka thelathini na anataka kuhamia UCLA. Mjomba wake, ambaye yuko huko tangu miaka ya tisini na ndiye aliyempokea, amemwambia waziwazi: "Hicho chuo cha Bongo usikitaje. Nani atajua?"

Namheshimu sana mjomba, lakini kwa hili anamchimbia kijana shimo. Fomu ya vyuo vikuu vya jimbo la California inamtaka mwombaji aorodheshe kila chuo alichowahi kusajiliwa, na masomo yote, hata aliyofeli, hata ya nchi za nje. Wana utaratibu wa kuchagua baadhi ya waombaji na kuwaambia: haya, lete uthibitisho. Na ikigundulika baadaye kwamba uliruka kitu, udahili unaweza kufutwa. Yaani mtu afanye kazi usiku miaka mingi, apate nafasi, halafu aishi akisikilizia mlango. Kwa sababu ya sapu nne za mwaka 2014!

Tena wanaoshauri kuficha hawajui kwamba vyuo vingine huko vimejenga milango kabisa kwa ajili ya watu wa aina hii. Columbia ina shule inayoitwa School of General Studies, iliyoanzishwa mwaka 1947 wakati askari walikuwa wametoka vitani na wanataka kusoma. Hadi leo inachukua watu waliokatiza masomo mwaka mmoja au zaidi. Yale ina programu ya Eli Whitney kwa waliokaa nje ya shule miaka mitano na kuendelea. Smith, chuo cha wanawake, kina programu ya Ada Comstock tangu mwaka 1975. Princeton walifunga mlango wa wahamaji mwaka 1990, wakaufungua tena mwaka 2018 kwa kuwapokea watu 13, na walitamka kwamba wanawatafuta hasa waliotoka jeshini na kwenye vyuo vya jamii. Kumi na watatu ni wachache, najua. Harvard nao huchukua kumi na ushei tu kwa mwaka. Kwa hiyo simwambii mtu auze shamba kwa ajili ya Harvard.

California ndiko hesabu inakokaa sawa. Tangu mpango wao mkuu wa elimu wa mwaka 1960, mtu anaanzia chuo cha jamii miaka miwili kisha anahamia chuo kikuu, na hiyo inahesabiwa kuwa njia halali. Hakuna anayekuita mpita dirishani. Mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa uniti moja. Uniti 60 zinazohitajika ni dola 2,760, na wenye kipato kidogo husamehewa hata hizo. UCLA huchukua chini ya mmoja kati ya kumi kwa wanaotoka moja kwa moja sekondari, lakini kwa wahamaji ni karibu mmoja kati ya wanne, na walio wengi mno kati yao wanatoka vyuo vya jamii vya hukohuko. Isitoshe kuna kitu kinaitwa TAG, ahadi ya udahili kwa anayetimiza masharti, kwenye vyuo sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unaruhusiwa kuchagua kimoja, na bado unaomba UCLA na Berkeley kama wengine. Jamaa yangu nimemwambia aweke Irvine mfukoni kwanza, kisha aote ndoto zake. Dirisha la TAG ni Septemba 1 hadi 30, na la maombi yenyewe hufungwa mwishoni mwa Novemba au siku chache baadaye, kutegemea mwaka.

(Wenye viza ya mwanafunzi, yenu ni tofauti kidogo. Mnaweza kuhama, lakini ada yenu ni ya mgeni, msaada wa serikali ya shirikisho haupo, na kazi ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Pigeni hesabu kabla ya kumpigia baba simu.)

Hesabu ya fedha ndiyo sehemu ambayo watu wetu wanairuka kwa sababu jina la chuo limeshawalewesha. Hiyo shule ya Columbia ninayoisifu, wanafunzi wake wamelalamika miaka mingi kwamba msaada wa fedha wanaopata ni mdogo kuliko wa wenzao wa Columbia College, wakati madarasa wanakaa pamoja. Chuo kinaweza kukukumbatia kwa sababu una historia ya kipekee, kisha kikakuachia deni la kawaida kabisa. Barua ya udahili bila barua ya fedha ni nusu ya habari.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana hofu yake naielewa inakotoka. Sisi tumelelewa tukiamini kuna reli moja: la saba, kidato cha nne, cha sita, chuo, kazi. Aliyeshuka njiani hatajwi kwenye harusi. Lakini reli hiyo hata kwetu si ya zamani kihivyo! Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Alitakiwa afanye kazi kwanza, si chini ya miaka miwili, na aje na mapendekezo kutoka kazini na kwenye chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na ulilegezwa, ila fikiria: kulikuwa na wakati ambapo nchi hii ilimwona aliyetoka kazini kuwa ndiye mwanafunzi wa kawaida. Na Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kimejaa watu wa kazi na familia. Hii aibu tumejifunza, na si muda mrefu.

Kazi yangu ni kuandika habari, na mhariri akiona pengo kwenye habari haniulizi kitu kingine mpaka nilizibe. Msoma maombi ni hivyohivyo. Miaka minne isiyo na maelezo itamfanya awaze mabaya kuliko yaliyotokea. Mwambie ulidisko, kwa sentensi mbili, bila kumlaumu mhadhiri, kisha mwambie ulifanya nini baadaye.

Ila kusema si kulia. Hapa ndipo nagombana na mtu wa tatu, dada mmoja anayewasaidia vijana kuandika insha, ambaye amemshauri jamaa aandike njaa, mvua na bibi aliyefariki, kwa kuwa eti Wazungu wanapenda. Huenda wengine wanapenda. Mimi ningependa kusoma jinsi kijana wa miaka 21 alivyochukua simu kumi kwa mali kauli asubuhi, bila karatasi, akijua jioni lazima arudishe fedha au simu, na jinsi alivyojua nani wa kumkopesha na nani wa kumkimbia. Ndiyo uchumi anaotaka kwenda kuusomea! Huo wa Kariakoo hakuna mtoto wa shule ya Beverly Hills atakayeuandika. Bibi apumzike kwa amani.

Jamaa ameshaandika barua kwa chuo chake cha zamani kuomba matokeo yake ya mwaka ule mmoja. Mwezi wa pili huu, ofisi inasema mhusika yuko likizo. Nitapita hapo Jumatatu mwenyewe. Mjomba bado hajapokea simu yangu.

Maswali yenyewe ni manne, kila jibu lisizidi maneno 350, na barua za wadhamini karibu zote hawazitaki. Jibu lake la kwanza lililonifikia jana lina maneno 412. Nimemwambia ya Kariakoo asiyaguse, apunguze mvua.