Mlima wa kiti kimoja, mashabiki hawabanduki

Kule Vermont, Marekani, kuna mlima wa kuteleza kwenye theluji ambao ukisikia sifa zake unaweza kudhani wenyewe wamepania kufukuza wateja. Lifti yake kuu ina viti vya mtu mmoja mmoja. Snoubodi ni marufuku, wanaoruhusiwa ni wa skii tu. Mashine za kutengeneza theluji zinatumika kidogo mno, hivyo mbingu zikigoma, hakuna mchezo. Kaulimbiu yao nayo ni ya kichokozi: teleza kama unaweza!

Ajabu, watu hawakomi kurudi. Babu alitelezea hapo, na leo mjukuu yuko kwenye foleni.

Mlima wenyewe ni Mad River Glen, ulioanzishwa 1948 na Roland Palmedo. Mwaka 1995 mmiliki wa wakati huo, Betsy Pratt, alipoamua kuachia, hakuupeleka kwa makampuni makubwa. Aliwauzia watelezaji wenyewe, waliokuwa wameunda ushirika. Mwanachama ananunua hisa na kupiga kura, na kuna kikomo cha hisa kwa mtu mmoja. Hakuna tajiri wa kuingia na begi la hela akazoa zote.

Kipimo cha ushirika huo kilikuja pale lifti ya 1948 ilipochoka. Mtu wa biashara angesema wekeni viti vya watu wawili au wanne, foleni iishe. Wanachama wakagoma. Wakachangishana, mtambo ukakarabatiwa, na mwaka 2007 ukarudi kazini na viti vilevile vya mtu mmoja.

Wapo wanaoona huo ni ushamba wa kung'ang'ania vya kale. Lakini hesabu yao ina akili. Lifti ikipandisha watu wachache, foleni ya chini inarefuka kweli, ila huko juu nafasi ipo tele, watu hawagongani na theluji haichakai mapema. Mgeni wa siku moja hawezi kuliona hilo, yeye anaona foleni tu. Mtu wa kila wiki ndiye anayejua utamu uko wapi, na ndiye aliyepiga kura.

Upande wa pili kuna Vail Resorts, wenye zaidi ya milima 40. Tangu 2008 wanauza Epic Pass, tiketi ya msimu ya kuingilia milima mingi. Haki yao wapewe: anayeteleza mara nyingi na kununua mapema anaokoa pesa, na lifti zao ni za kisasa. Lakini asiye na tiketi hiyo, siku moja kwenye milima yao mikubwa inaweza kumtoa zaidi ya dola 200. Halafu Desemba 27, 2024, katikati ya sikukuu, kikosi cha usalama cha mlima wao wa Park City, Utah, kikagoma kwa madai ya mishahara. Mgomo ukaenda karibu wiki mbili. Sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa, na waliolipa pesa ndefu wakaishia kusimama foleni. Hao hawakuwa na kura yoyote. Cha kufanya kilikuwa kulalamika tu, basi.

Mshabiki wa soka hahitaji kuijua theluji ili aelewe hapo. Ujerumani wana kanuni ya 50+1, inayowaachia wanachama wingi wa kura kwenye klabu, na viwanja vyao bado vina majukwaa ya kusimama kwa bei ya mtu wa kawaida. Tanzania nayo, klabu za wanachama zinapokaribisha mwekezaji, utaratibu unataka asilimia 51 ibaki kwa wanachama. Ni kinga nzuri, ila haijibu swali moja ambalo wale wa Vermont walilijibu kwa kura: mambo yanayomgusa anayekuja kila wiki, anaamua nani?

Viongozi wa Simba na Yanga walipeleke swali hilo kwenye mikutano mikuu ijayo, na walipeleke kwa majina yake: kiingilio cha mzunguko kinapangwa na nani, mechi ya nyumbani ikihamishiwa mkoa mwingine nani anaulizwa, na mwanachama asiyekubali apige kura wapi.