Neno la Mhariri: Elimu ya Fahamu Kanda ya Dhahabu

Katika vijiji vya Shinyanga na Geita, mtu hajiamulii kuwa mfumu, yaani mganga wa Kisukuma (wakiwa wengi, bafumu). Mara nyingi huanza na ugonjwa usiopona, usingizi wa kukatika na ndoto zinazojirudia, mpaka ramli iseme kwamba masamva, mizimu ya ukoo, wanamtaka. Hapo hupelekwa kwa mfumu mkubwa, akae kwake, amtumikie, ajifunze dawa, na ajifunze pia jambo gumu kuliko dawa: kuingia katika hali nyingine ya fahamu na kutoka salama. Ngoma, njuga, harufu ya dawa na nyimbo za usiku kucha vyote vina kazi yake katika mafunzo hayo. Aliyepandwa hubadilika sauti, akasema kwa niaba ya mhenga, na akishuka huenda asikumbuke neno hata moja. Waliokaa kando ndio wanaomsimulia. Elimu hiyo ina walimu, wanafunzi na muda wake wa kuiva, na haipungui hadhi kwa kuwa haikuandikwa.

Kipande chake kimeandikwa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1955, katika jarida la wanaanthropolojia wa Marekani, maelezo marefu ya chama cha Buswezi, ambacho wanachama wake hupandwa na pepo waitwao Wachwezi. Koen Stroeken, Mbelgiji aliyeishi Usukumani katikati ya miaka ya 1990, amechunguza jinsi uganga unavyobadili namna mgonjwa anavyosikia, anavyonusa na anavyojihisi mwilini. Makala yake moja kuhusu jambo hilo ilitoka mwaka 2008. Kijana wa Kahama akiyatafuta maandishi hayo kwenye simu atakuta Kiingereza kizito, na mara nyingi mlango wa kulipia. Kilichoandikwa kwa Kiswahili ni kichache, nacho kimefanywa zaidi na Kamati ya Utafiti wa Utamaduni ya Bujora, jirani na Kisesa mkoani Mwanza, palipo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kitabu cha kamati hiyo, Imani za Jadi za Kisukuma, kinastahili kusomwa kabla ya maandishi yoyote ya kigeni juu ya roho na akili.

Maandishi ya kigeni yaliyo wazi kwa kila mtu ni mengi, na mengine ni bora sana. Kamusi elezo ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford imekuwa mtandaoni tangu mwaka 1995, bila malipo. Kurasa zake karibu zote ni maneno matupu, kwa hiyo hazimalizi bando kama video, na mtu anaweza kuzihifadhi akazisoma mahali pasipo na mtandao. Humo msomaji hukutana na swali la Thomas Nagel la mwaka 1974, kwamba hata tungejua kila kitu kuhusu ubongo wa popo, bado tusingejua kuwa popo kunahisije. Na hoja ya David Chalmers ya mwaka 1995, kwamba kueleza kazi za ubongo bado si kueleza kwa nini kazi hizo huambatana na hisia yoyote ndani ya mtu. Mfumu na mteja wake wanalifahamu swali hilo kwa njia yao. Mganga anaposema mhenga yumo ndani ya mtu, anajibu swali lile lile la nani anayehisi.

Kuhusu kutafakari kwa vitendo, kozi za vipassana za siku 10 zinazofuata mafundisho ya S. N. Goenka hutolewa bila ada, na mtandao wao una maelezo ya kutosha kwa mgeni. Mafunzo ya wiki 8 aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 nayo yamewekwa mtandaoni na walimu wengine, na mengine ni bure. Wakatoliki wa majimbo ya Shinyanga na Geita wanayajua mafungo, na Waislamu wa tarika wanaijua dhikiri inayokwenda na pumzi. Wote hao hawaanzii sifuri.

Jambo la kuangalia kwanza katika somo lolote la aina hii ni kama linataja mipaka yake. Mwaka 2014 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515. Kutafakari kulionekana kupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini hakukuwa na ushahidi kwamba kunashinda dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2017 Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao walichapisha, katika jarida lililo wazi kwa wote, mahojiano na watu waliopatwa na hofu, kukosa usingizi au kujiona wametengana na miili yao baada ya kutafakari sana. Bafumu wasingeshangaa, maana kwao kuingia bila mwangalizi ni hatari inayojulikana.

Katika kanda ya dhahabu kuna hatari nyingine, na hii ni ya mwilini. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha, hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, mara nyingi juu ya moto wa wazi nyumbani. Mvuke wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, usingizi hupotea, moyo huwa mzito. Mradi wa Umoja wa Mataifa ulipima madhara hayo kwa watu wa Rwamgasa, Geita, na kuwalinganisha na watu wa Katoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dalili hizo za zebaki zinafanana mno na wito wa masamva, na zinafanana na zile ambazo programu za simu za kutafakari huahidi kuzituliza kwa pumzi ndefu. Mwenye kutetemeka mikono anahitaji kwanza kipimo cha mkojo hospitalini, na somo lisilosema hivyo kwa wasomaji wa Geita lina upungufu mkubwa.

Hatari ya tatu ni matapeli. Bahati ya dhahabu haitabiriki, na duara, yaani shimo la uchimbaji, linaweza kula mtaji wa miaka bila kutoa kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Deborah Fahy Bryceson na wenzake ulionyesha jinsi hofu hiyo ilivyowapeleka wachimbaji kwa waganga, na jinsi biashara ya hirizi ilivyohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilikuwapo tangu 2002. Hata hivyo, mwaka 2015 serikali ilitangaza vita dhidi ya wapiga ramli chonganishi. Ujumbe wa mtandaoni unaoahidi utajiri kwa njia ya mizimu ni wa ukoo huo huo, hata ukiwa na picha ya mtu aliyekaa kwa utulivu kando ya ziwa.

Kinachokosekana ni maktaba ya Kiswahili iliyo wazi. Sauti za bafumu wazee zirekodiwe kwa ridhaa yao, zikiwa na jina la kijiji na haki ya mzee kuondoa alichosema. Tafsiri za Cory na za watafiti waliomfuata ziwekwe kando ya sauti hizo. Na maelezo ya daktari kuhusu zebaki yawe kwenye ukurasa ule ule. Faili ziwe ndogo, za kuingia kwenye memori kadi, maana ndivyo zitakavyofika kwenye machimbo ya Nyarugusu na Kakola. Bujora ina jina na uzoefu wa kuanzia kazi hiyo, na vyuo vikuu vya Mwanza viko karibu nayo.