FUNDI WA NYUMBANI: Kabureta Mpya kwa Pikipiki Kuukuu

Mwenye pikipiki kuukuu ya njia mbaya mjini Juba, tuseme Yamaha DT125 ya miaka ya 1970, hufikiwa na siku ambapo kabureta yake imelika hata haitengenezeki tena. Akiagiza nyingine kutoka Nairobi au Kampala, ikaenea mahali pake na injini ikawaka, hudhani kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo hatari inapoanza.

Sababu yake ni hewa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kampala mita 1,200 hivi. Juba iko kwenye mita 500 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa huko hutiwa jeti yenye tundu dogo. Ikiletwa Juba hukutana na hewa nzito zaidi, na petroli huwa haitoshi. Joto la Juba hupunguza tofauti hiyo, lakini haliiondoi. Injini hupata moto kupita kiasi, na pale ambapo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, oili nayo hupungua. Mwisho wake pistoni hukwama ndani ya silinda, na askari akabaki porini, mbali na kituo chake.

Katika kununua, yafaa kupima kipenyo cha koo la kabureta ya zamani kwa milimita na kuchagua iliyo sawa nayo. Koo kubwa zaidi haliongezi nguvu katika injini ndogo. Huifanya izubae katika mwendo wa pole. Kabureta ya injini ya mapigo manne isitiwe katika injini ya mapigo mawili. Tena, namba za jeti za Mikuni na za Keihin hazipimwi kwa njia moja, hivyo zisilinganishwe.

Kabla ya kurekebisha, chujio la hewa lisafishwe, na mpira unaounganisha kabureta na injini ukaguliwe usiwe na ufa. Kisha zifuatwe hatua hizi:

1. Itiwe jeti kubwa kuliko inayodhaniwa kufaa, kwa namba moja au mbili.

2. Itiwe plagi mpya, na pikipiki iendeshwe kwa mafuta yote katika barabara nyoofu isiyo na watu.

3. Klachi ibanwe na injini izimwe papo hapo. Kisha plagi ifunguliwe.

4. Plagi ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi: jeti ipunguzwe namba moja. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi: safari isiendelee mpaka jeti iongezwe. Rangi ya kahawia ndiyo njema.

5. Ikisitasita katika mwendo wa kati, sindano ipandishwe au ishushwe tundu moja tu kila mara.

Petroli ikizidi huchafua plagi, ambayo bei yake ni ndogo. Ikipungua huua pistoni na silinda. Kwa hiyo marekebisho yaanze juu yakishuka, wala yasianze chini.

Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na jiko la mkaa na watoto. Petroli iliyomwagwa kutoka kabureta isiwekwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa.