Frateri Akirudi Seminari, Kikundi Kinabaki na Nani?



Parokia nyingi za ukanda huu wa pwani, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo mjini, zinaijua hadithi hii. Likizo inaanza, frateri anafika nyumbani. Ndani ya wiki mbili vijana wamejaa ukumbini. Kuna mpira, kuna semina ya Jumamosi, kuna nyimbo mpya, kuna kundi la WhatsApp lenye picha kila siku. Waamini wanasema, "Huyu frateri ana karama ya vijana." Kisha likizo inaisha, frateri anapanda basi, na baada ya mwezi mmoja ukumbi una viti vitupu. Paroko akiuliza kulikoni, vijana wanajibu bila kuficha: "Padre, tunamsubiri frateri."

Naandika nikiwa mlei na kiongozi wa skauti. Sina nia ya kumlaumu frateri yeyote, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe tena na tena. Ninalotaka kusema ni hili: kikundi cha vijana ambacho hakiwezi kukutana bila mlezi wake bado hakijalelewa. Kazi yetu watu wazima ni kuwalea vijana wanaowaongoza vijana wenzao, na kazi hiyo huanza siku ya kwanza tunapofika, si wiki ya kuagana.

Nianze na kosa langu. Tulikuwa kambini karibu na ufukwe, na kila kikundi kilitakiwa kujipikia. Kikundi kimoja kilikuwa na kiongozi wa miaka kumi na minne, kijana mpole, mwepesi wa kusaidia wenzake. Kuni zao zilikuwa za mivinje, zimenyeshewa usiku. Moto ulikataa. Walijaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vikundi vingine vilishaanza kusonga ugali. Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua kiberiti mkononi mwa yule kijana, nikachana vijiti vikavu, nikapanga kuni upya, na baada ya dakika chache moto ukawaka. Watoto wakanipigia makofi. Nilifurahi.

Sikumtazama yule kijana. Alikuwa amesimama pembeni, mikono mitupu. Tangu saa ile, kila jambo lilipokwama, kikundi chake hakikumwangalia yeye tena, kiliniangalia mimi. Kambi ilipokwisha alihudhuria Jumamosi mbili, kisha akaacha. Nilipomkuta sokoni na kumwuliza, aliniamkia kwa adabu na kusema ana kazi nyingi nyumbani. Labda ilikuwa kweli. Lakini mimi najua nilichomnyang'anya siku ile, na hakikuwa kiberiti tu.

Skauti tangu mwanzo haikukusudiwa iendeshwe hivyo. Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20 na kuwagawa katika vikundi vinne. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, kijana mwenzao, na kijana huyo alibeba wajibu wa kweli. Mzee huyo alimalizia maisha yake jirani zetu huko Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941 na kuzikwa. Urithi mkubwa aliouacha si skafu wala fundo la kamba. Ni imani kwamba kijana akikabidhiwa watu sita au saba na akaaminiwa kweli, atakua kwa ajili yao.

Kanisa nalo halikuwa nyuma. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha Vijana Wakatoliki Wafanyakazi mwaka 1925, alisisitiza kwamba vijana wafanyakazi wainjilishwe na vijana wafanyakazi wenzao. Ona, Amua, Tenda, tunayoisikia kila siku katika TYCS na VIWAWA, imetoka huko. Maaskofu wa AMECEA nao, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika eneo letu. Na Papa Fransisko, katika waraka wake Christus Vivit wa mwaka 2019, anafundisha kwamba vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wa vijana, wakisaidiwa na kuongozwa, lakini wakiachiwa nafasi ya kubuni. Kwa hiyo ninachokidai hapa si jambo geni. Ni jambo tunalolikubali semina ikiendelea na kulisahau ikimalizika.

Nataka tulitazame pia kwa jicho la historia yetu. Tunajivunia kwamba Bagamoyo ni mlango wa imani, kwamba wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868. Lakini mlango hupitisha watu. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, waliondoka na msafara wao hapa Bagamoyo kuelekea bara, na mwaka uliofuata wa kwanza wao wakaingia Buganda. Walibatiza watu wachache na kuanza kufundisha wakatekumeni. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1882, hali ya mambo katika ikulu ya Kabaka ilipowatia hofu, wakaondoka. Walivuka ziwa wakaja Bukumbi, upande wetu wa kusini.

Hebu fikirini. Kanisa lenye umri wa miaka mitatu tu limebaki bila padre hata mmoja. Wamisionari waliporudi mwaka 1885 walikuta nini? Walikuta wakristo na wakatekumeni wameongezeka. Walikuwa wamefundishana wao kwa wao, nyumba kwa nyumba, na ndani ya ikulu kwenyewe miongoni mwa vijana watumishi wa Kabaka. Yosefu Mukasa Balikudembe aliwalinda na kuwaongoza vijana hao. Alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga akashika nafasi yake, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kabla ya kupelekwa Namugongo, hapakuwa na padre wa kuwabatiza wale ambao walikuwa hawajabatizwa. Karoli Lwanga aliwabatiza mwenyewe, akiwemo Kizito, mdogo wao wote. Tarehe 3 Juni 1886 waliuawa.

Wamisionari wale hawakuondoka kwa kupanga mbinu ya malezi. Waliondoka kwa sababu ya hatari. Lakini jambo walilolianza liliendelea kwa kuwa walikuwa wamewafundisha watu wanaoweza kufundisha wengine. Swali langu kwa kila mlezi, na kwangu mwenyewe, ni hili: ukilazimika kuondoka kesho asubuhi, je, umemwacha Lwanga wako? Au umewaacha watoto wanaokusubiri?

Wapo watakaoniambia, "Tukiwaachia vijana wataharibu." Ni kweli, wataharibu baadhi ya mambo. Ugali utaungua. Igizo la Noeli litakuwa na makosa. Mkutano utaanza saa nane badala ya saa saba. Hayo yote yanavumilika, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kumwachia kijana uongozi hakumaanishi mlezi akalale. Hapo ndipo wengi tunapokosea upande wa pili: tukichoka kuamuru, tunatoweka.

Kambi nyingine, baada ya ile ya moto, kikundi kimoja kilichagua kupiga hema kwenye mchanga mzuri, laini, chini ya mstari wa mwani. Mtu wa pwani ameshaelewa. Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua. Nilijua bahari itafika pale kabla ya kupambazuka. Ningeweza kupiga filimbi na kusema, "Ondoeni hema!" Wangeondoa, na wasingejifunza lolote isipokuwa kwamba mimi najua. Ningeweza pia kunyamaza, na usiku ningewatia hatarini watoto wa watu.

Nilimwita kiongozi wa kikundi pembeni, msichana wa miaka kumi na mitano. Nikamwambia, "Nenda kamwamkie yule mzee anayeshona nyavu, umwulize usiku huu maji yatafika wapi." Alikwenda, akarudi mbio, akawakusanya wenzake. Sijui aliwaambia nini. Nilichoona ni hema likihamishwa juu, karibu na minazi, na hakuna aliyeniangalia mimi. Saa kumi alfajiri alitoka na tochi kutazama. Mawimbi yalikuwa yanapiga pale pale walipokuwa wamechagua mwanzo. Asubuhi aliwasimulia wenzake kama nahodha. Nami, bila kumwambia, nilikuwa nimekaa macho usiku kucha.

Kutoka hapo nimejiwekea kanuni chache, nazitoa kwenu mzipime.

Kwanza, zungumza na kiongozi wa kikundi, si na kikundi juu ya kichwa chake. Ukiwa na neno la kuonya, mwite pembeni. Ukimsahihisha mbele ya wenzake umemvua cheo, hata kama kitambaa chake bado kipo begani.

Pili, uliza kabla ya kujibu. Bwana wetu katika njia ya Emau aliwajua wale wanafunzi wawili na alijua huzuni yao, lakini alianza kwa kuwauliza wanazungumza nini. Alipowatuma wale wengine wawili wawili, waliporudi aliwasikiliza. Kila baada ya shughuli kaa na viongozi wa vikundi, uwaulize: nini kimekwenda vizuri, nini kimekwama, nani hakufurahi? Kisha nyamaza. Ukimya wao usikutishe, wanafikiri.

Tatu, yapo mambo ambayo mlezi haachii watoto kamwe. Maji ya bahari na mto. Barabara kuu ya Bagamoyo na pikipiki zake. Usalama wa miili na heshima ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kiongozi wa kikundi mwenye miaka kumi na mitano ni mtoto pia. Akisikia kwamba mwenzake anaguswa vibaya au anapigwa, wajibu wake ni kutwambia; wajibu wa kuchukua hatua ni wetu. Na mlezi asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Hata unapomwita pembeni, pawe mahali wengine wanawaona.

Nne, waache vijana wachague viongozi wao. Sisi huwa tunamteua mwenye sauti kubwa, au mtoto wa mwenyekiti. Wao wanajua nani anagawa chakula kwa haki.

Nimejifunza pia kwamba vijana hupata njia mahali ambapo sisi tungeitisha kikao. Skauti wetu wa huku pwani ni Wakristo na Waislamu, na ahadi ya skauti inamtaka kila mmoja amtumikie Mungu. Kambini liliibuka suala la sala ya chakula. Sisi wakubwa tulianza kujadiliana kwa sauti ya chini. Kabla hatujafika popote, kiongozi wa kikundi kimoja, Mwislamu, aliwaambia wenzake kila mmoja amshukuru Mungu kimoyomoyo kwa namna ya nyumbani kwao, kisha wote waseme "Amina" kwa pamoja. Wakala. Kikao chetu kikaishia hapo.

Sasa nirudi kwenu, ndugu zangu mafrateri. Mnapofika parokiani likizo hii, msianze kwa kuwaita vijana wote ukumbini. Watafuteni watano au sita ambao wenzao wanawasikiliza. Kaeni nao kila wiki, someni Injili pamoja, pangeni nao. Kisha Jumamosi waongoze wao, ninyi mkiwa mmekaa viti vya nyuma. Semina itakuwa na kasoro kuliko ambayo mngeiongoza ninyi. Picha zitakuwa chache. Huenda hakuna atakayesema kwamba mna karama ya vijana. Lakini mtakapopanda basi kurudi seminari, Jumamosi inayofuata mlango wa ukumbi utafunguliwa, na wenye ufunguo watakuwa wenyewe.

Nanyi waamini, msimpime frateri wala mlezi wa skauti kwa wingi wa watoto waliomzunguka. Mpimeni kwa kinachoendelea asipokuwepo. Na mzazi, mwanao akirudi kambini amesema ugali wa kikundi chao uliungua na wakaula hivyo hivyo, usikimbilie kutulaumu. Mwulize nani alipika, nani aliosha sufuria, na safari ijayo watafanyaje.

Yule kijana wa kiberiti sasa ni mtu mzima. Tukikutana ananisalimia vizuri. Sijawahi kumwomba radhi. Likizo hii, Mungu akinijalia, nitamwomba, kisha nitamwuliza kama angependa kuja kutusaidia kuwafundisha wadogo zake kuwasha moto. Nami nitakaa mbali na kuni.