Dripu si chakula, hata kwa mbwa

Pale Katito, ng'ombe akisusa nyasi asubuhi, kufikia saa nne daktari wa mifugo ashapigiwa simu. Mbwa akisusa ugali siku tatu, tunasema anaringa. Paka ndio kabisa, hakuna anayejua alikula lini.

Akizidiwa tunamkimbiza kwa daktari, analazwa, tunatuma pesa ya sindano na dripu, tunarudi kazini. Anakula nini huko ndani? Hatuulizi.

Hebu tupige hesabu. Mbwa wa kilo 10, hata akilala tu kwenye kizimba, anahitaji kama kalori 400 kwa siku. Lita nzima ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina kalori 170 hivi. Ile ya maji ya chumvi haina hata moja. Dripu inamrudishia maji, haimshibishi.

Kwa paka ni noma zaidi. Akikaa siku chache bila kula, hasa yule mnono, mafuta ya mwili hujaa kwenye ini, na ugonjwa huo mpya unaweza kumuua kabla ya ule uliomleta.

Zamani mbwa anayetapika kwa parvo alinyimwa chakula hadi atulie. Watafiti wa Onderstepoort, Afrika Kusini, walijaribu na mbwa 30, matokeo yakachapishwa 2003: waliolishwa mapema kwa mpira wa puani walipata nafuu haraka na kuongeza uzani. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 sasa, lakini bado kuna wanaomfungisha mgonjwa.

Kwa hivyo ukimpeleka, sema hula nini nyumbani. Mbwa wa ugali na omena hatajifunza kula punje za dukani akiwa na homa. Uliza kama unaweza kumletea omena ya kuchemsha, vuguvugu ili anuse, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwake). Usimshindilie mdomoni, kinaweza kuingia mapafuni. Na aliyekaa njaa siku nyingi aanze na kidogo, maana sahani kubwa ya ghafla huvuruga madini kwenye damu.

Nao wenye kliniki, "amejaribu kula" si kipimo. Andikeni kwenye kadi alikula kiasi gani, saa ngapi. Risiti ina sindano, dripu na malazi. Tutalipia na chakula, mradi kiwepo.